Msaada wa Kisheria wa Bure Tanga kwa Aliyenyimwa Shule: Unachopata na Usichopata

Anayefika kwenye meza ya msaada wa kisheria hapa Tanga na kusema "nataka kumshitaki mzee wangu, hakunipeleka shule" huwa amelibeba neno hilo miaka mingi. Pengine ana miaka 34. Kaka zake wana vyeti vya kidato cha nne, yeye alibakizwa nyumbani kuchota maji na kulea watoto wa shangazi. Pengine alikulia kambi ya mkonge, akishinda shambani na baba yake saa ambazo wenzake walikuwa darasani. Pengine alisoma chuoni tu, yaani madrasa, akahitimu msahafu, lakini akipewa fomu ya benki anatafuta wa kumsomea.

Mtu huyu anastahili jibu la kweli siku ya kwanza, na hicho ndicho kipimo tulichokitumia. Kwa kuandaa makaratasi na kuwaokoa wadogo ambao bado wana umri wa shule, tunaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Kwa kumdai mzazi fidia tunaipa mbili. Sheria yenyewe haina meno upande huo, na ofisi nyingi huchelewa kulisema. Mteja anaambiwa "rudi wiki ijayo" miezi mitatu, kumbe jibu lilijulikana tangu alipotaja mwaka wake wa kuzaliwa.

Kwanza ujue unaongea na nani. Kazi hii inaongozwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017. Ngazi ya kata utamkuta msaidizi wa kisheria. Huyu si wakili. Anakuelekeza chombo sahihi, anakusaidia kupata nyaraka, anapatanisha. Hasimami mahakamani kukutetea, na haruhusiwi kukutoza hata shilingi. Mwambie akuonyeshe kitambulisho na cheti cha usajili; wa kweli hachukii kuulizwa. Akitaja "hela ya fomu" au "nauli ya kufuatilia", ondoka. Juu yake kuna mawakili na maafisa sheria wa mashirika yaliyosajiliwa, ambao wanaweza kuandaa hati za mahakamani na kusimama nawe kesi ikistahili. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kina ofisi hapa Tanga. Upande wa serikali yupo Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye watu humsahau, na kwa jambo hili ana nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Msaada wa bure ni wa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, kwa hiyo beba barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inayoeleza unapoishi na hali yako. Beba pia karatasi moja tu ya maelezo. Kama huandiki, mwambie mtu unayemwamini akuandikie kabla hujafika, maana ofisi nyingi hazina chumba cha faragha na utajikuta unasimulia mambo ya mama yako mbele ya foleni. Karatasi iwe na haya: mwaka uliozaliwa na unaujuaje, nani aliamua usiende shule au aliyekutoa, ndugu gani walisoma, shule gani, miaka gani, ulikuwa ukifanya kazi gani muda huo, na nani wa nje ya nyumba anayeweza kushuhudia, kama jirani, mwalimu mstaafu au mjumbe wa zamani. Habari ya ndugu waliosoma ina uzito wa pekee, kwa kuwa inaonyesha uwezo ulikuwepo. Nyumba ambayo hakuna aliyesoma ina maelezo mengine, na sheria inaitazama kwa jicho jingine.

Sasa madai yenyewe.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 inamtaja mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na katika haki ambazo mzazi lazima amtimizie imo elimu, pamoja na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili. Watu husikia "milioni tano" wakadhani ni zao. Hapana, faini huingia serikalini. Tena sheria hiyo ilianza kutumika 2010, na Katiba, ibara ya 13(6)(c), inakataza kumwadhibu mtu kwa tendo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Baba aliyemzuia binti yake 1995 hashitakiwi kwa Sheria ya Mtoto. Sheria ya Elimu ya 1978 ilikwishaweka ulazima wa kumwandikisha mtoto akitimiza miaka saba, lakini nayo haina kifungu cha kumlipa mtoto aliyekosa.

Linabaki dai la fidia kwa madhara, na hapo ndipo kalenda inapokata maneno. Sheria ya Ukomo wa Muda inatoa miaka mitatu kwa madai ya namna hiyo. Kwa aliyedhurika akiwa mtoto, saa huanza kuhesabu anapotimiza 18. Aliyetimiza 18 Machi 2023 alikuwa na mpaka Machi 2026. Waziri mwenye dhamana ya sheria anaweza kuongeza muda, lakini usiozidi nusu ya ule wa awali, yaani mwaka mmoja na nusu. Kwa hesabu hiyo mlango unafungwa ukiwa na miaka 21, na kwa hisani ya Waziri, 22 na nusu. Mwenye 34 yuko nje, hata awe na mashahidi kumi.

Na aliye ndani ya muda asidhani kazi imekwisha. Hakuna kifungu kinachosema mzazi aliyemnyima mwanawe elimu atamlipa kiasi fulani. Wakili atalazimika kujenga hoja kwamba mzazi alivunja wajibu uliowekwa na sheria, kisha athibitishe hasara kwa shilingi: ungekuwa nani, ungelipwa nini. Ukishinda, unakazia hukumu, yaani unaenda kudai ulichopewa, kwa mzee mwenye kibanda cha makuti na minazi sita ambayo huenda mngekuja kurithi nyote. Wakili akikuambia haya kwa upole lakini bila kuficha, mshukuru.

Wapo wanaouliza kuhusu kuishitaki serikali. Ibara ya 11 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, lakini imewekwa katika sehemu ambayo ibara ya 7(2) inazuia mahakama kuitolea uamuzi. Nje ya nchi wamejaribu. Jimboni Quebec, Canada, watu wawili waliokulia katika jumuiya ya kidini iliyofungwa waliishitaki serikali ya jimbo kwa kuwaacha bila elimu ya dunia. Hawakuomba fidia, waliomba tamko tu la mahakama, na Desemba 2020 wakashindwa, mahakama ikiona sheria ilikwishafanyiwa marekebisho.

Mlango mmoja dhidi ya mzazi ambao haujafungwa, na ambao ofisi hazitangazi vya kutosha, unamhusu kijana wa 17 au 18. Kama ipo amri ya matunzo, yaani ya mahakama kumtaka mzazi amgharimie mtoto, iliyotolewa akiwa mtoto, Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama kuiendeleza baada ya 18 iwapo anaendelea na masomo au mafunzo, na kijana mwenyewe anaweza kuomba. Maombi yaende kabla amri haijakoma.

Kwa wengine wote kinachofaa ni suluhu ya kifamilia, na hapa wasaidizi wa kisheria wa Tanga ni wazuri kwelikweli. Wanajua kukaa na wazee. Wanajua kwamba nusu ya wanaokuja wanaogopa kukosa radhi kuliko wanavyoitaka fidia, na kwamba mzee akiitwa kwa barua ya wito atanuna, ila akifuatwa na mtu mzima mwenzake baada ya swala ya alasiri atasikiliza. Mara nyingi familia hukubali kitu: kaka aliyesoma alipe ada ya masomo ya jioni, au baba atoe kipande cha kiwanja.

Kinachoharibika ni karatasi. Makubaliano yanaandikwa kwenye daftari, watu wanasaini, chai inanywewa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Mikataba kinasema ahadi isiyo na malipo upande wa pili ni batili, isipokuwa, pamoja na mengine machache, ile iliyotolewa kwa mapenzi kati ya ndugu wa karibu, ikiwa imeandikwa na kusajiliwa. Neno "kusajiliwa" ndilo linaloachwa. Kaka akibadili mawazo mwezi wa pili, daftari halikusaidii. Omba ofisi iandae hati yenye jina la anayetoa, kiasi, tarehe ya kila malipo, na kama ni ardhi, mipaka na majirani wa pande nne, kisha isajiliwe. Ofisi ikisema "haya ni mambo ya kifamilia, daftari linatosha", kataa.

Nyota zake nne huduma hii inazipata kwenye makaratasi. Asiyesoma mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, na anayetafuta cheti ukubwani huombwa kielelezo cha umri. Kwa wengi kielelezo hicho ni cheti cha darasa la saba, ambacho wewe huna kwa sababu ile ile iliyokuleta. Utatafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kitambulisho cha NIDA, kadi ya mpiga kura. Na mara nyingi utahitaji kiapo cha mzazi.

Ndiyo maana tunasisitiza mpangilio. Cheti kwanza, ugomvi baadaye. Tumeona mashauri ambapo barua ya madai ilitumwa kwa baba wiki ya kwanza. Wiki ya tatu alipotakiwa kuapa kwamba huyu ni mwanawe, aliyezaliwa mahali fulani mwaka fulani, akafunga mlango. Maombi ya NIDA nayo hutaka taarifa za wazazi. Msaidizi mzuri atakuuliza kuhusu cheti kabla hujamaliza kusimulia.

Angalia tarehe. Mama anakumbuka mwaka wa Elnino, NIDA iliandika mwaka mwingine, kadi ya mpiga kura mwaka wa tatu. Maombi ya RITA, wakala wa usajili anayetoa vyeti vya kuzaliwa, yakiwa na tarehe zinazopingana yatarudishwa, na kila kurudishwa ni nauli nyingine kutoka Pongwe au Tongoni. Chagua tarehe yenye karatasi ya zamani zaidi, uishike hiyo hiyo kila mahali, na palipo tofauti uandaliwe hati ya kiapo ya kueleza. Msajili wa vizazi ngazi ya wilaya yupo ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Maombi hufanyika pia kwenye mtandao wa RITA, na ofisi kadhaa za msaada hukujazia bila malipo.

Hati ya kiapo isome, au usomewe, mpaka mstari wa mwisho. Chini kabisa, kwenye sehemu ya kamishna wa viapo, lazima paandikwe mahali na tarehe ulipoapia. Pakiwa wazi, hati inaweza kukataliwa. Kama unaweka dole gumba, paongezwe maneno kwamba umesomewa na kufafanuliwa kwa lugha unayoielewa. Wino upakwe mwembamba, kidole kibonyezwe mara moja na kuinuliwa wima. Dole lililoburuzwa linakuwa doa jeusi lisilo na mistari, na doa haliwezi kulinganishwa na chochote. Hili tunalirudia kwa sababu dole hilo hilo ndilo lililowapoteza wengi mashamba: waliambiwa ni karatasi ya ruzuku ya mbegu, kumbe ni hati ya mauzo. Usiweke dole kwenye karatasi iliyosomwa na yule anayenufaika nayo. Asome mtu wa tatu, na jina lake liandikwe hapo kama msomaji na shahidi.

Kuna wanawake ambao shule iliishia siku ya posa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu hivyo, cha 13 na 17, vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Aliyeozwa chini ya umri wa chini kabisa wa sheria ana hoja ya kuwa ndoa ilikuwa batili. Aliyeozwa akiwa na 15 au 16 na sasa ni mtu mzima hatapata fidia ya shule kwa hukumu hiyo, lakini ndoa ikivunjika ana haki kwenye mgawanyo wa mali. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Mume akisema "hakusoma, hakuchangia kitu", sheria haiko naye. Kabla ya mahakama upitie baraza la usuluhishi wa ndoa na upate hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, dai la talaka halipokelewi.

Sasa jambo tunalotaka kila anayefika pale aulizwe: nyumbani kuna mdogo wako ambaye hivi sasa haendi shule? Kwa huyo sheria ina meno yote iliyoyakosa kwako. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa akijua kwamba mzazi anaweza kumpatia mtoto elimu lakini anakataa au anapuuza. Shika maneno hayo, "anaweza lakini anakataa", uyatumie hivyo hivyo kwenye taarifa, na ile habari ya ndugu waliosoma ndiyo ushahidi wa kuweza. Afisa Ustawi wa Jamii humwita mzazi, huzungumza naye, na akikaidi suala huenda mahakamani, ambako anaweza kuwekwa chini ya dhamana ya kumtunza mtoto ipasavyo. Kama binti yuko karibu kuozwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya mtoto. Kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa ambalo tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Taarifa ya aina hii hujibiwa haraka kuliko dai lolote la mtu mzima, na tumewaona watu waliokuja na hasira ya miaka 20 wakatoka na barua ya kumrudisha mdogo wao darasani.

Kuhusu masomo yako mwenyewe, ofisi za sheria hukuelekeza juujuu tu, kwa hiyo tuliongeze hapa. Asiyejua kusoma kabisa aulizie madarasa ya MUKEJA, ya watu wazima, kwa Afisa Elimu Kata. Hufanyika zaidi kwenye shule za msingi baada ya saa za watoto. Aliyesoma chuoni asijihesabu kuwa anaanza sifuri: jicho limeshazoea herufi na mkono umeshika kalamu, kazi ni kubadili upande na umbo. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ni ya watoto na vijana wasiozidi 18, usipoteze safari. Fundi asiye na cheti aende VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi, aulize urasimishaji wa ujuzi, yaani kutambuliwa rasmi kwa ujuzi aliojifunzia kazini. Hupimwa kwa kazi ya mikono na maswali.

Mwenye darasa la saba anayo njia ya Mtihani wa Maarifa, QT. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa 1975 na yenye kituo mkoani, hufundisha hatua mbili: ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili, ya pili cha tatu na cha nne, kila moja mwaka mmoja. Unafanya QT, ukifaulu unajisajili mwaka unaofuata kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wengi huangushwa na lugha, maana karibu masomo yote ni kwa Kiingereza na wao walisoma kwa Kiswahili. Anayetumia miezi mitatu ya mwanzo kwa Kiingereza peke yake hufika mbali kuliko anayerukia masomo saba siku moja. Usajili hufunguliwa Januari, na kuchelewa kunaongeza ada. Ada ya QT imekuwa shilingi 30,000 na ya kidato cha nne 50,000, zinazolipwa Baraza la Mitihani kwa kontroli namba yenye jina lako. Kituo cha masomo ya ziada kikikutaka uwakabidhi fedha ya mtihani taslimu "watakulipia", omba kontroli namba ulipe mwenyewe, utunze risiti, na Oktoba uhakikishe jina lako lipo na limeandikwa kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa.